Tabaka Jeusi Ukingoni mwa Rweya

Kambi ya Kyamabale,
kwa Posta ya Muleba
14 Julai 1974

Tata mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva anayetuletea maji, ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu ya jina langu. Nimekijua kikombe. Hakuna kingine kikubwa hivyo Rubafu nzima.

Unauliza ninaishi wapi na ninafanya nini. Ninaishi kwenye hema, juu ya uwanda ulio juu ya kila kitu. Ukisimama mlangoni unaona nyasi, halafu nyasi nyingine, halafu anga. Migomba ya watu wa Buganguzi iko chini bondeni, na moshi wa majiko yao hautufikii. Ni rweya tupu, nyika ya nyasi isiyolimwa, kama ile ya nyuma ya kwetu, ila hii haina mwisho wa kukimbilia.

Kazi yenyewe ni hivi. Chama kinataka kufungua kijiji cha ujamaa hapa juu kwa ajili ya vijana wasio na ardhi. Kabla hawajaletwa, mimi natakiwa kusema kama udongo huu utawalisha. Nachimba shimo la kunifika mabegani, naingia, nachonga ukuta mmoja hadi unakuwa laini, kisha nausoma kutoka juu kwenda chini. Juu pana udongo wa kijivu, mwembamba, umejaa mizizi ya nyasi. Chini yake mchanga uliopauka, mvua imeufua mpaka hauna kitu. Kisha udongo mwekundu wenye madoa ya njano, kisha kokoto za rangi ya kutu ambazo sururu ikizigonga inalia, na mwisho jiwe la mchanga, jeupe. Uwanda huu ni mzee, Tata. Umenyeshewa tangu kabla ya watu, na kila kizuri ulichokuwa nacho kimeshuka bondeni kwa wengine.

Vibarua wangu wawili wanarudi kwao jioni. Nikibaki peke yangu nasoma kwa sauti majina ya rangi za udongo, ili nisikie mtu akisema.

Sasa kuhusu kile kipande cha ardhi cha ukingoni unachotaka niwe nacho mimi, na binamu yangu Buberwa anachokidai. Sikijui kwa lolote, isipokuwa kwamba ndipo ulipomlaza Mawe, mama yangu. Kibanja cha babu, shamba la migomba la ukoo, kilikuwepo. Makaburi yote ya ukoo yako pale karibu na nyumba, kivulini, na wewe ukampeleka mama yangu ukingoni mwa rweya kama mtu aliyefia njiani. Nilikuuliza siku ya mazishi, ukasema, “Ndivyo alivyotaka.” Mimi hakuwahi kuniambia. Niliondoka bila kukuaga kwa sababu hiyo, na bado nimekasirika. Afadhali ulijue kwa maandishi.

Binti yako,
Benadetha

*

Rubafu
28 Julai 1974

Benadetha mwanangu,

Marahaba. Hasira yako imefika salama, haikuchanika hata pembeni. Nimeiweka pamoja na picha ya mama yako, kwa sababu ni yake; mimi sina hasira za namna hiyo.

Habari za shimo lako nimezisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea jirani yetu Kokushubila, aliyekuja kuomba kahawa ya kutafuna. Amesema mwanamke anayeingia shimoni kwa mshahara amesoma sana au amekosa mume. Nimemjibu yote mawili yanawezekana.

Tuache mzaha. Nyumba hii imekuwa kubwa. Kila siku napika ndizi nyingi kuliko ninazokula, maana mkono umezoea sufuria ya watu wawili. Sikulaumu. Nakueleza tu hali ya jikoni.

Jambo lenyewe ni hili, na nisikilize kama nilivyokufundisha kusikiliza. Kibanja cha babu yako ni mali ya ukoo. Nikifa kitakwenda kwa Buberwa, mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa kuwa wewe ni mwanamke. Sikuipenda mila hiyo hata nilipokuwa kijana, lakini sina nguvu nayo. Kipande cha ukingoni ni kitu kingine. Kile tulikifungua mama yako na mimi kutoka rweya tupu, na ardhi aliyoifungua mtu kwa mikono yake humpa amtakaye, hata binti. Mimi nataka kukupa wewe.

Buberwa amesikia. Anasema pale hapakuwa rweya. Anasema palikuwa kikamba, yaani kibanja cha kale cha ukoo kilichoachwa kikachoka, sisi tukakifufua tu. Wazee waliojua ukweli wamekufa. Mzee Rwegasira, mkuu wetu wa ukoo, ameitisha kikao mwezi wa Novemba, kahawa ikishauzwa. Buberwa akishinda atang'oa migomba na kupanda mikaratusi. Ameshasema hivyo kwenye pombe. Kaburi la mama yako litakuwa katikati ya mikaratusi, na wewe ukitaka kumtembelea utapiga hodi kwa Buberwa.

Wewe unasoma udongo. Njoo uusome huu mbele yao.

Baba yako,
Ildefons Karugendo

*

Kambi ya Kyamabale
9 Agosti 1974

Tata,

Siwezi kuja. Katibu wa Chama amekuja na Land Rover mara mbili kuuliza kama taarifa iko tayari, na mara zote mbili hakutaka kusikia neno “mchanga.” Tena wachungaji wameanza kuchoma rweya. Jana moto ulipita karibu na hema, tukaupiga kwa matawi hadi nyusi zangu zikaungua. Likizo sina mpaka Desemba.

Na kuna sababu nyingine, lakini hiyo unaijua. Siko tayari kusimama pale ukingoni.

Hata hivyo sitaki Mawe akae na mikaratusi. Kwa hiyo sikiliza na wewe, mwalimu. Weusi wa kibanja haukuumbwa siku ya tatu pamoja na nchi kavu. Chini ya kila kibanja cha Uhaya kuna udongo maskini uleule wa rweya. Weusi wameuleta watu juu yake: nyasi za kutandaza, samadi, majivu, maganda ya ndizi, mwaka baada ya mwaka. Penye kibanja cha vizazi vingi, weusi unashuka hadi kiunoni. Penye kipande cha miaka thelathini, utapata shubiri moja au moja na nusu, kisha mchanga uliopauka. Udongo haujui siasa za ukoo.

Chimbeni mashimo mawili: moja katikati ya kipande, mbali na Mawe, na jingine nje kabisa kwenye nyasi. Niandikie kila tabaka: rangi, unene, mchanga au ulaini ukiusugua kwa vidole, mawe, mizizi, na namna tabaka moja linavyoachana na jingine. Mimi nitaandika maelezo ya kitaalamu, Mzee Rwegasira atayasoma kikaoni, na Buberwa atatafuta mahali pengine pa mikaratusi.

Usichimbe wewe. Lipa mtu. Na Tata, nilifurahi uliposema umeisoma mara mbili ile habari ya shimo. Hujawahi kuniuliza kuhusu kazi yangu.

Benadetha

*

Rubafu
1 Septemba 1974

Mwanangu,

Tumechimba, na mambo yamekwenda vibaya.

Mzee Rwegasira alikuja mwenyewe pamoja na Buberwa. Akasema si haki mahali pachaguliwe na mimi wala na Buberwa, akatembea kati ya migomba akachomeka fimbo yake. Nikamwomba asogee, nikasema pale pana mgomba mzuri wa marehemu. Buberwa akacheka: “Baba mdogo, unaogopa nini?” Nikasogea pembeni. Wakachimba.

Nakuandikia kama ulivyoagiza. Udongo mweusi, laini kidogo, mizizi mingi ya mgomba. Weusi huo umeshuka hadi pajani mwangu, na mimi si mfupi. Ndani yake kuna punje za jiwe jeupe, hata karibu na juu, zimetawanyika kama chumvi juu ya maharage. Hakuna tabaka jekundu wala mchanga uliopauka, vyote vimechanganyika. Lakini kwenye ukuta wa upande wa ziwa weusi unakatika ghafla, umenyooka kama ukuta wa nyumba, na kupita hapo udongo ni mwembamba, shubiri moja na kidogo, kisha mchanga wako.

Shimo la nje, kwenye nyasi, ni vilevile ulivyosema: kijivu, mchanga, wekundu, kokoto.

Buberwa aliruka ndani ya lile la kwanza akajipiga paja. “Weusi mpaka hapa! Hiki ni kibanja cha mababu!” Buberwa alitaka shimo libaki wazi hadi siku ya kikao ili watu waone. Nilikataa. Nililifukia siku ileile kwa mikono yangu, ingawa ulinikataza, na mgongo unaniuma hadi leo.

Naomba unijibu swali moja. Udongo wa rweya huhifadhi kitu kilichozikwa? Tuseme kitu kidogo, cha miaka thelathini. Nauliza tu, kwa udadisi wa mwalimu.

Baba yako,
I. Karugendo

*

Kambi ya Kyamabale
12 Septemba 1974

Tata!

Mambo hayakwenda vibaya hata kidogo. Una macho ya mpima udongo, ulipoteza miaka yako kwenye ubao na chaki. Nimesoma maelezo yako nikacheka peke yangu hadi kibarua akachungulia hemani.

Angalia. Punje nyeupe zinatoka kwenye jiwe la chini kabisa. Haziwezi kupanda zenyewe hadi juu. Kuna mtu alizitoa chini akazirudisha zimechanganyika na udongo wa juu. Na udongo ulioachwa na Mungu haukatiki ukanyooka kama ukuta. Ukuta ule ni wa jembe. Fimbo ya Mzee Rwegasira iliangukia juu ya shimo lililowahi kuchimbwa na kufukiwa, na weusi ukazama kwenye udongo wake uliolegea. Kipande chenyewe ni ule udongo mwembamba ulioona upande wa ziwa: shubiri moja na kidogo, kisha mchanga. Hicho ni kipande kilichofunguliwa na watu wawili kutoka rweya. Tumeshinda.

Bila shaka ni shimo la kuivishia ndizi za pombe. Si ndivyo? Nawakumbuka mnavyoziweka na majani na kufunika. Waambie kikaoni kwamba palikuwa shimo la ndizi, basi. Maelezo yangu naambatanisha, na nimeyapiga mhuri mara mbili ili Buberwa aogope.

Swali lako: hapana. Udongo wetu ni mchachu, unakula kila kitu. Mfupa mdogo, wa kuku au wa mtoto wa mbuzi, haumalizi miaka kumi, unabaki weusi tu. Ulizika nini huko, redio?

Binti yako mshindi,
Benadetha

*

Kambi ya Kyamabale
20 Oktoba 1974

Tata,

Mwezi umepita bila barua yako. Mwanzo nilidhani ni Posta. Kisha nikadhani ni mgongo. Sasa nadhani ni mimi, ingawa sijui nilichosema.

Mvua zimeanza. Mashimo yangu yote yamejaa maji, na vyura ambao sijui walikuwa wapi kiangazi chote wamehamia. Vibarua hawapandi tena, njia ni tope. Siku tatu sijazungumza na mtu. Nimegundua kwamba uwanda ukinyeshewa haubadiliki, haulowani kama bonde linavyolowana. Maji yanapita tu, yanakwenda zake.

Niambie kama unaumwa. Kama umekasirika, niambie pia. Nimezoea kuwa mimi ndiye mwenye hasira katika nyumba yetu, sijui namna ya kukaa upande huu.

Benadetha

*

Rubafu
2 Novemba 1974

Mwanangu Benadetha,

Siumwi wala sikukasirika. Nilikuwa natafuta ruhusa ya mtu aliyekufa. Leo ni siku ya marehemu wote. Nimetoka kanisani, nimepita kwa mama yako nikamwambia kwamba nitakuambia. Hakukataa.

Wewe si mtoto wetu wa kwanza. Mwaka wa 1944 nilikuwa nafundisha upande wa Muleba, labda si mbali na hema lako. Mama yako alijifungua mtoto wa kiume hapa nyumbani, mkunga akiwa Kokushubila. Aliishi siku chache tu. Alikufa kabla wazee hawajampa jina na kabla hajatolewa nje kuonyeshwa watu. Mkuu wa ukoo wakati ule alikuwa baba yake Rwegasira. Akasema: hana jina, hajaona jua, si mtu wa ukoo, asilale pamoja na wazee. Azikwe rweyani, na asililiwe.

Mama yako alimbeba mwenyewe, na jembe mkono wa pili. Mimi niliitwa kwa barua, nikafika mambo yamekwisha. Sikumwona hata uso. Alinionyesha kwa mkono tu, kule, akasema, “Karibu na pale.” Sikuwahi kupajua hasa hadi fimbo ya Rwegasira ilipochomekwa.

Kiangazi kilichofuata watu walichoma rweya, kama kila mwaka. Mama yako alisimama ukingoni akaona moto unapita juu yake. Kesho yake alilima kuzunguka pale ili moto usifike tena. Kisha akasema, kwa kuwa pamelimwa, papandwe. Watu walimcheka sana: nani anapanda mgomba kwenye rweya? Wa kwanza ulikufa, wa pili ulitoka mwembamba kama kidole. Akaanza kubeba nyasi, samadi ya kuomba kwa wenye ng'ombe, majivu, maganda. Mimi nilirudi nikamsaidia, lakini ukweli ni kwamba alibeba yeye, kichwani, kikapu kwa kikapu, miaka thelathini. Ulipozaliwa alikufunga mgongoni akaendelea kubeba. Aliniapisha nisimwambie mtu, maana wangesema anamfanyia kaburi asiye mtu, na wewe hakutaka ukue ukiwa wa pili kwa marehemu. Huo ndio udongo ulioupima. Na sikumtupa mama yako ukingoni, Benadetha. Alikwenda kulala na mwanawe.

Ndiyo sababu sikukujibu. Maelezo yako ni mazuri na mhuri unaonekana, lakini siwezi kusimama mbele ya watu niseme mwanangu ni shimo la ndizi.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Rwegasira nikamweleza yote. Alitafuna kahawa yake, kisha akasema: “Karugendo, wewe ni mwalimu, utaelewa. Kama mtoto yule ni wetu, basi kaburi lake ni la ukoo, na penye kaburi la ukoo ni ardhi ya ukoo. Itakwenda kwa Buberwa. Kama si wetu, kama alivyosema baba yangu, basi pale palikuwa nyasi tu na wewe ulipafungua. Mpe binti yako. Siku ya kikao nitakuuliza swali hilo moja, na jibu lako ndilo nitakalolishika.” Hakusema kwa ubaya. Nilipoondoka alinisindikiza hadi njiani.

Kikao ni Jumamosi tarehe 16. Nishauri upesi. Nimekuwa mtu wa kuulizwa maswali maisha yangu yote na hili silijui.

Baba yako,
Ildefons

*

Kambi ya Kyamabale
13 Novemba 1974

Tata,

Barua yako imenifikia leo. Mvua ilikata barabara na gari la maji halikupanda kwa zaidi ya wiki. Nimeisoma nikiwa ndani ya shimo jipya nililochimba mwenyewe, kabla halijajaa maji, nikakaa humohumo nikalia, udongo mtupu usoni.

Nisamehe ile ya redio. Nisamehe siku ya mazishi. Nisamehe miezi yote hii niliyokuacha na ile sufuria.

Jibu langu ni moja. Sema ni wetu. Sema mbele yao wote, na Buberwa asikie. Ardhi iende. Mimi nina mshahara, nitapanga chumba Bukoba, nitaishi. Mawe alibeba nyasi miaka thelathini ili mtoto wake asiwe kitu kilichotupwa. Tusimtupe mara ya pili kwa ajili ya shubiri moja ya udongo. Mikaratusi nitaivumilia. Nitapiga hodi kwa Buberwa.

Naishusha barua hii Muleba sasa hivi kwa miguu nimpe kondakta wa basi la Bukoba. Akiwa mwaminifu utaipata Ijumaa.

Sema ni wetu, Tata.

Benadetha

*

Rubafu
17 Novemba 1974

Mwanangu,

Nilikwenda kulingoja basi linaloleta barua siku ya Ijumaa. Lilifika, likashusha watu na magunia, likaondoka. Hapakuwa na barua. Nilijiambia umeniachia mwenyewe, na nikaona ni haki yako.

Kikao kilifanyika uani kwangu. Maelezo yako yalisomwa, watu wakashangaa kwamba udongo una mambo mengi hivyo. Buberwa akasimulia lile shimo jeusi. Ndipo nikasema ni kaburi, na la nani. Kokushubila akathibitisha kwamba ndiye aliyempokea. Hata Buberwa alivua kofia. Nashukuru kwa hilo, usimchukie sana.

Mzee Rwegasira akasimama, akaniuliza kama alivyoahidi: “Karugendo, mtoto yule ni wa ukoo au si wa ukoo?”

Nilimfikiria mama yako. Kisha nikakufikiria wewe hapo juu kwenye hema, unajisomea rangi za udongo kwa sauti. Nikaona mtoto yule hana tena njaa wala uzee unaomngoja, na wewe unao. Nikasema, “Si wa ukoo.”

Akasema, “Basi ardhi ni ya Benadetha.” Wote wakaitikia. Imekwisha, hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Walikunywa pombe kidogo wakaondoka. Kokushubila hakuniaga. Mimi sijaenda kule ukingoni tangu jana, na kesho sitakwenda. Nimemkana mtu ambaye hata uso wake sikuuona. Nimekupatia kibanja, mwanangu, nami sijui nitampitaje mama yako nikienda kukata ndizi.

Baba yako,
Ildefons Karugendo

*

Kambi ya Kyamabale
24 Novemba 1974

Tata wangu,

Nilikujibu. Nilikuandikia tarehe 13 nikampa kondakta kwa mkono wangu. Bila shaka barua hiyo inazunguka kwenye mfuko wa koti lake. Ikikufikia, utaona nilikuambia useme kinyume cha ulichosema. Nilipoisoma yako nililia tena, na hasira zikanipanda, na mara hii sikujua za kumtumia nani.

Nimekaa nazo siku mbili. Hakuna hesabu ambayo hukuifanya vizuri. Ulimtoa mmoja kwa ajili ya mwingine, na huyo mwingine ni mimi. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo, na sijui kama nakistahili, lakini nimekipokea.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa ardhi ni yangu, na Mzee Rwegasira amesema hivyo mbele ya watu wote, basi si juu ya ukoo kusema nani amelala ndani yake. Ni juu yangu. Ukoo ulimkataa mara mbili, mwache ukoo ubaki na makaburi yake ya karibu na nyumba. Mimi katika kibanja changu nina mama yangu na kaka yangu.

Ninakuja kabla ya Noeli. Nimechagua mawe mawili yale mekundu ya rangi ya kutu kutoka shimo langu la mwisho. Ni magumu, hayaliwi na mvua wala moto. Moja kubwa la Mawe, moja dogo. Dereva ameahidi kuyafikisha Muleba ingawa ananiona kichaa.

Taarifa yangu nimeshampa Katibu. Nimeandika kwamba udongo huu peke yake hautamlisha mtu. Kisha nikaongeza mstari ambao chuoni wangeukata: kwamba ukipata mtu mwenye sababu, na miaka thelathini ya nyasi na samadi, utamlisha. Amenung'unika, lakini ameichukua.

Senene wameanza kuanguka hapa juu, panzi wengi mno kwa mtu mmoja. Nitakuletea wa kukaanga.

Kitu kimoja nahitaji kabla sijafika, kwa sababu nitatafuta fundi wa kuchonga jiwe pale Muleba. Wazee hawakumpa jina. Lakini siamini kwamba Mawe alimbeba siku ile, na nyasi zote hizo, akimwita “mtoto” tu. Alimwita nani?

Wako,
Benadetha

*

Rubafu
1 Desemba 1974

Benadetha,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya kondakta na hii. Nimezisoma kwa mpangilio, kwanza unayonikataza na kisha unayonisamehe.

Leo asubuhi nilikata nyasi mzigo mmoja nikaupeleka kule. Kichwa changu hakijazoea kubeba. Nilipumzika njiani mara kadhaa, na Kokushubila, aliyeacha kuniamkia, alinikuta nimekaa kando ya njia akaubeba yeye sehemu iliyobaki. Tulizitandaza pamoja. Kisha aliingia kunywa chai.

Uje upesi. Ndizi nazipika nyingi kama kawaida.

Jina alinitajia mara moja tu, mwaka ule wa 1944, na hatukulitamka tena. Sikuwahi kuliandika popote. Alimwita Mutalemwa.

Baba yenu,
Ildefons Karugendo